Ofisi Haina Tanuru

Kigae kilivunjika kwa pigo la kwanza la nyundo. Mzee aliokota nusu moja, akaipuliza vumbi, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Nje kilikuwa chekundu kama vigae vya kuezekea vya Kajjansi. Ndani, katikati kabisa, palikuwa na utepe mweusi, mnene kama kidole.

"Huu ni moshi uliokosa njia," akasema. "Umefungiwa humo."

Kigae kile hakikuwa chetu. Kilikuwa cha mtu ambaye hatukuwahi kumwona, aliyeandika namna ya kukitengeneza katika hati ya hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi juu ya alichokivumbua, kabla mimi sijazaliwa. Tulikifinyanga upya hapa Katwe kwa sababu ofisi moja ya hataza ya nchi ya nje ilikuwa imetuandikia kwamba kitu tunachodai kukivumbua ni hicho hicho chake. Kama tunabisha, tuthibitishe.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Naliandika sasa kwa sababu kila mwezi kuna kijana anakuja karakanani na tofali, au rangi, au gundi aliyoichanganya mwenyewe, anauliza aanzie wapi. Njia za kuombea nazijua, na hizo si ngumu kueleza. Kuna URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, hapa Kampala chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2014, kuna ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, na kuna PCT, mkataba wa kimataifa wa kuombea hataza, ambao Uganda imo tangu 1995. Fomu zinajazika. Kinachowaangusha watu ni kule mbele, siku utakapoulizwa: hiki chako kina tofauti gani na cha yule?

Sisi tunatengeneza kuta za ndani za sigiri. Sigiri ya Katwe unaijua, jiko la makaa: bati nje, udongo ndani. Udongo ule ukiwa mzito unakula joto la makaa na sufuria inachelewa. Ukiuchanganya na maranda ya mbao, ukauchoma, maranda yanaungua na kuacha vitundu vidogo vidogo, ukuta unakuwa mwepesi na joto linabaki kwenye sufuria. Wazo hilo ni la kale na hatukuwahi kudai ni letu. Tulichokuwa nacho ni ukuta mwepesi ambao haukuwa unapasuka. Mama mmoja anayepika chapati Kisenyi aliutumia misimu miwili ya mvua bila kuubadilisha, na hapo ndipo tulipojua tumeshika kitu.

Mchanganyaji ni Mzee. Ni Mnubi wa Bombo, amefinyanga na kuchoma tangu ujana wake. Mimi ni mtoto wa Tororo, nimekulia karibu na mpaka, na kemia niliisoma darasani. Kiswahili ndicho tunachofanyia kazi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Yeye haandiki. Anasema, mimi naandika kwenye daftari. Shika hilo daftari, nitalirudia.

Tulidai kitu chenyewe, yaani ukuta wa udongo wenye vitundu zaidi ya kiwango fulani na nguvu zaidi ya kiwango fulani. Ripoti ya utafutaji ya kimataifa, yaani orodha ya hati za zamani zinazokaribiana na ombi lako, ilirudi na hati moja tu ya maana, na mbele yake herufi X. Kwenye ripoti hizo kila hati hupewa herufi. A ni hati ya kuonyesha tu hali ya mambo ilivyo. Y inakubana ikiunganishwa na nyingine. X inakubana peke yake. Niliisoma hati yenyewe usiku ule. Udongo wa mfinyanzi, maranda laini, kavu, choma hadi wekundu wa moto ulioiva. Haikutaja vitundu ni kiasi gani, wala nguvu, wala kupasuka. Nikalala nimetulia: kama haikutaja, basi si sawa na yetu.

Hapo nilikosea, na wengi hukosea papo hapo.

Sheria haiulizi kama mwandishi wa zamani alijua alichokitengeneza. Inauliza kama alikitengeneza. Mahakama ya rufani ya hataza ya Marekani ilisema jambo hili wazi mwaka 1977 katika shauri la In re Best, lililohusu zeolaiti, madini yenye vitundu yanayotumika kuchuja na kusafishia mafuta. Waombaji walisema njia yao ina hatua ya kupoza kwa kasi ya namna fulani. Hati ya zamani haikusema lolote kuhusu kupoza. Mahakama ikajibu kwa maana hii: kama malighafi ni ile ile na njia ni ile ile au karibu sawa, ofisi ina haki ya kudhani kwamba kilichotoka ni kile kile, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unahamia kwa mwombaji. Sababu waliyoitoa ndiyo iliyonikaa kichwani: ofisi haina uwezo wa kutengeneza vitu hivyo wala kuvipata na kuvilinganisha. Mkaguzi ana meza na karatasi. Hana udongo, hana tanuru. Wewe unavyo.

Mwanzoni niliiona ni dhuluma. Baadaye nikaiona ni haki, na mpaka leo naiona hivyo. Kama ofisi ingelazimika kufinyanga kila kigae ili kukataa ombi, mtu yeyote angechukua kitu cha babu yake, akakipima kwa kipimo ambacho babu hakuwa nacho, akasema ni kipya. Ofisi ya Hataza ya Ulaya nayo inafuata mkondo huo huo katika miongozo yake: ukileta kipimo ambacho hati ya zamani haikukitaja, na mengine yote yanafanana, pingamizi la kwanza ni kwamba kitu chako si kipya, na mzigo wa kuonyesha tofauti ni wako. Ukikaa bila ushahidi, shaka haihesabiwi upande wako.

Wakili wetu alinipa kesi nyingine aisome mtu mwenye moyo mgumu. Mwaka 1985, shauri la Titanium Metals dhidi ya Banner. Wavumbuzi walikuwa na aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya titani yenye nikeli asilimia 0.6 hadi 0.9 na molibdeni asilimia 0.2 hadi 0.4, na waligundua kwamba inastahimili kutu kwenye maji ya chumvi ya moto. Ni ugunduzi mzuri, wa manufaa kabisa. Lakini kulikuwa na makala ya Warusi ya mwaka 1970 yenye mchoro, na ndani ya mchoro kuna nukta moja. Ukiisoma nukta ile kwa hesabu, ni aloi yenye molibdeni asilimia 0.25 na nikeli asilimia 0.75. Warusi hawakutaja kutu hata kwa neno moja. Haikusaidia kitu. Dai lilikuwa la aloi yenyewe, na aloi yenyewe ilikuwa imekaa pale kwenye nukta miaka yote hiyo. Nukta moja ya wino.

Basi jibu letu la kwanza kwa mkaguzi lilikuwa maneno, kurasa nyingi. Wakili aliandika kwamba hati ya zamani haitaji hili, haitaji lile, na kwamba fundi wa siku zile asingepata vitundu kama vyetu. Mkaguzi alijibu kwa aya chache: hoja ya wakili haichukui nafasi ya ushahidi. Kanuni hiyo nayo ni ya zamani, mahakama ya Marekani iliitamka mwaka 1965. Tukakataliwa. Tukakata rufaa na faili lisilo na kipimo hata kimoja.

Ndipo nilipomwambia Mzee kwamba tunahitaji kufinyanga kigae cha mtu mwingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimsomee ile hati polepole, nikiitafsiri. Nilipofika "choma hadi wekundu" akaninyamazisha kwa mkono.

"Kwa muda gani?"

"Hakusema, Mzee."

"Basi tutamchomea vipi? Mtu hayupo kujitetea."

Mimi nilikuwa na jibu tayari, na sioni fahari nalo. Nilikuwa nimeshapanga kuuchoma udongo wa yule mtu kwa haraka, moto mkali kuanzia mwanzo, maana nilijua haraka itaharibu. Hati ilikuwa kimya juu ya muda, kwa hiyo nisingekuwa nimeikiuka. Na kigae kile cha kwanza, chenye utepe mweusi katikati, ndivyo tulivyokichoma. Maranda huanza kuungua kwenye nyuzi mia mbili na kitu za Selsiasi. Joto likipanda kwa kasi, sehemu ya nje inatangulia kuiva kabla kaboni ya ndani haijapata hewa ya kuungua. Inabaki humo, nyeusi, na ukuta unakuwa na roho mbili: nje inatanuka hivi, ndani inatanuka vile. Ukiupasha na kuupoza kama sigiri inavyopashwa na kupozwa kila siku, unapasuka kwenye mpaka wa rangi. Niliona utepe ule nikafurahi. Nilidhani tumeshinda.

Mzee hakufurahi. Alikiweka kile kipande mezani, akasema, "Mwanangu, hakuna mfinyanzi anayekimbiza moto kwenye udongo wenye maranda. Huyu mtu alikuwa fundi. Mchomee kama fundi."

Alikuwa ameigusa kanuni yenyewe bila kuisoma popote. Ukitaka kuonyesha kwamba chako ni tofauti na cha zamani, lazima ulinganishe na cha zamani kilichotengenezwa vizuri, kama mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo angekitengeneza akiisoma hati ile kwa nia njema. Ukiiharibu kazi ya mwenzako kisha ukaipiga picha, umethibitisha tu kwamba wewe unaweza kuharibu.

Tukachoma mara tatu. Udongo mmoja, kutoka bonde moja. Maranda ya gunia moja kutoka Ndeeba, yaliyochekechwa mara moja yote. Vigae vya unene mmoja, sentimita nne. Kundi la kwanza lilichomwa haraka, lile lenye utepe. Kundi la pili Mzee alilichoma kama ambavyo angechoma chungu cha kawaida, moto mdogo asubuhi, mkubwa mchana. Kundi la tatu tulilichoma kwa njia yetu: moto unashikwa chini usiku kucha, chini ya wekundu, mlango wa hewa wazi, ndipo asubuhi unapandishwa.

Kisha kupima. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kipimo hiki hakihitaji maabara ya mamilioni na watu wanakiogopa bure. Unahitaji mizani nzuri, uzi, na sufuria. Unakipima kigae kikavu. Unakichemsha kwa muda wa saa mbili hewa itoke kwenye vitundu, unakiacha ndani ya maji mpaka kesho yake. Unakipima kikiwa kimening'inia kwa uzi ndani ya maji. Halafu unakitoa, unakifuta, unakipima tena kikiwa kimelowa. Kwenye kufuta ndiko watu wanakojidanganya. Kitambaa kikiwa kikavu kinanyonya maji yaliyo ndani ya vitundu, nawe utasema vitundu ni vichache. Usipofuta vizuri, maji ya juu yanahesabiwa kama ya ndani. Kitambaa kiwe kimeloweshwa na kukamuliwa, ufute matone tu, upime papo hapo. Nichukue mfano wa hesabu: kikavu gramu 200, ndani ya maji 120, kilicholowa 290. Maji yaliyoingia ni gramu 90. Kilicholowa ukitoa cha ndani ya maji ni 170, nacho ndicho ujazo wote. Tisini kwa mia na sabini ni karibu asilimia 53. Hicho ndicho kiasi cha vitundu vilivyo wazi.

Tulipima vigae vyote, kila kimoja mara tatu, siku tofauti. Nilimaliza hesabu usiku, nikazirudia, nikazirudia tena.

Vilikuwa sawa. Makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa, tofauti ndogo kuliko ile niliyoipata kwa kukipima kigae kimoja siku mbili. Lile dai letu la kwanza, vitundu zaidi ya kiwango fulani, yule mtu wa zamani alikuwa ameshalitimiza. Mkaguzi alikuwa amesema kweli, naye hakuwa hata na tanuru.

Tofauti ilikuwa ndani. Tulivunja kimoja kutoka kila kundi. Kile cha haraka nimeshakieleza. Kile ambacho Mzee alikichoma kwa kawaida, cha mchana, kilikuwa na mstari wa kijivu katikati, mwembamba kama uzi wa kushonea, ungeweza kuupita usiutazame. Chetu kilikuwa chekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Tukavipasha na kuvipoza vilivyobaki, asubuhi na jioni, tukihesabu. Vya haraka vilianza kupasuka mapema sana. Vya kijivu vilistahimili, vikapasuka baadaye, kila mara kwenye ule uzi. Vyetu tuliacha kuvihesabu wiki zilipozidi.

Wakili alipopata matokeo alitaka tupeleke makundi mawili: la haraka na letu. Alisema tofauti yake inaonekana kwa macho, na hati ya zamani haijakataza haraka. Tulibishana kwenye simu kwa muda mrefu, nikiwa nimesimama nje kwa sababu ndani walikuwa wanachomelea. Nilimwambia tutapeleka yote matatu, pamoja na daftari. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nimemwona Mzee akikaa kwa muda wa saa kumi mbele ya tanuru kuchoma kigae cha mtu mwingine kwa uangalifu ule ule anaochomea vyake, na sikuona ningemwambiaje kwamba nimekitupa.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Rufaa ilikuwa imeshaandikishwa, na bodi za rufani hazipendi ushahidi unaofika mlangoni baada ya chakula kupakuliwa. Wakaguzi wanahukumu kwa kilichomo kwenye faili, na bodi inakagua walichohukumu. Ilibidi faili lirudishwe nyuma kwa mkaguzi, ada nyingine, miezi mingine, ili vigae vyetu viingie. Pesa ile ingetununulia tanuru la pili. Ndiyo maana kwa kijana anayekuja na gundi yake nasema: siku unayoiona herufi X, siku hiyo hiyo anza kukitengeneza cha mwenzako.

Mtego wa mwisho sikuwa nimeuona kabisa, na ndio naudhani muhimu kuliko yote. Ukishathibitisha kwamba chako ni tofauti ingawa malighafi ni zile zile na njia inafanana, mkaguzi ana swali la pili mkononi: tofauti hiyo imetoka wapi, na je, uliandika? Maana hataza ni mapatano. Unapewa miaka 20, nawe unafundisha umma namna ya kukitengeneza. Kama siri ya tofauti haimo kwenye maelezo uliyowasilisha siku ya kwanza, ushahidi wako mwenyewe unakugeukia, na huruhusiwi kuiongeza baadaye.

Siri yetu ilikuwa moto wa usiku. Nikayafungua maelezo tuliyowasilisha nikiwa na hofu tumboni. Madai hayakutaja usiku. Muhtasari haukutaja. Nilipofika kwenye mfano wa tatu, kurasa za nyuma, nikakuta sentensi moja ambayo nilikuwa nimeinakili tu kutoka kwenye daftari, neno kwa neno kama Mzee alivyoitamka, kisha nikaitafsiri: moto ushikwe chini, usifike wekundu, mlango wa hewa uwe wazi, mpaka moshi uishe.

Nakumbuka kwamba siku ile ya kuandika nilitaka kuifuta. Niliona si ya kitaalamu, haina nyuzi wala saa. Lakini moshi ukiisha ni kwamba maranda yameisha, na hilo yeyote mwenye macho anaweza kulifuata, popote, kwa unene wowote wa kigae. Nyuzi na saa zingekuwa za tanuru letu peke yake.

Bodi ilitoa uamuzi wake kwa maandishi. Dai la kitu chenyewe lilianguka: kwa jinsi lilivyoandikwa, lilikuwa linakifunika na kigae cha yule mtu wa zamani. Dai la njia ya kutengeneza lilibaki, baada ya kuingizwa ile sentensi ya mfano wa tatu. Waliandika kwamba wameyapa uzito majaribio kwa kuwa mwombaji alionyesha pia matokeo yasiyompendelea.

Nilichapisha uamuzi, nikaenda nao nyuma ambako Mzee alikuwa anapanga vigae. Nilimsomea, nikitafsiri, kama nilivyomsomea ile hati ya kwanza. Kwenye dai lililoanguka hakusema neno. Nilipofika kwenye lile lililobaki akanyoosha mgongo.

"Wameandika mpaka moshi uishe?"

"Wameandika, Mzee."

Akaomba aione. Nikamwonyesha mstari wenyewe kwa kidole, akautazama muda, akanirudishia karatasi. Kisha akaniambia nimletee kuni ndogo, kwa sababu jua lilikuwa linazama na moto wa usiku ulikuwa haujawashwa.